Kiwanja cha wote: tuseme kabla borne hazijapandwa



Katika miji yetu ya migodi mambo yanaanzaka namna moja. Asubuhi moja watoto wanaenda kucheza mupira na wanakuta vijiwe vine vya simiti katikati ya kiwanja. Ni borne. Kisha juma moja gari linaleta matofali. Kisha mwezi kuko musingi. Watu wa kartie wanakusanyika pembeni ya barabara na wanaulizana: «Nani aliuzisha? Ni wakati gani? Juu ya nini hawakutuuliza?»

Mara nyingine ni kweli kama hakuna mutu aliulizwa. Lakini mara nyingine karatasi ilikuwa imebandikwa kwa mulango wa ofisi, na watu walipita mbele yake kama vile wanapita mbele ya ukuta. Ao mukubwa wa kartie aliita mukutano, watu wachache tu walikuja, na wengi kati yao ni wale wenye walikuwa wanatafuta lupango.

Tunataka leo kuzungumza juu ya jambo hili katika jamaa zetu, na zaidi na vijana. Mahali pa wote panalindwa na watu wenye wanasema mapema, wanasema pamoja, na wanaandika yale wanasema. Nyumba ikisha kusimama, kilio kinabaki kilio.

ZAMANI KAMPUNI ILIPIMA YOTE

Wababa wetu wenye walitumika Union Minière, na kisha Gécamines, wanakumbuka makambi. Kampuni ilipima barabara, nyumba, shule, dispensaire na kiwanja cha mupira. Hatusemi kama yote ilikuwa mazuri. Wakati wa Wabelgiji mufanyakazi hakuulizwa hata neno moja juu ya mahali ataishi. Katika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, waliacha nafasi tupu kati ya muji wa Wazungu na cité ya Weusi. Waliiita «zone neutre», na kazi yake ilikuwa kutenga watu kufuatana na rangi ya ngozi. Basi hata nafasi wazi inaweza kuwekwa kwa sababu mbaya, wakati wakaaji hawana ruhusa ya kusema.

Lakini viwanja vya makambi vilibaki, na watoto walikomalia pale. TP Mazembe, yenye ilianzishwa na mapadri Wabenediktini mwaka 1939, ilishinda kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968, tena 2009, 2010 na 2015. Kila muchezaji wa Katanga anajua kama mutoto hazaliwe ndani ya stade. Anaanza katika vumbi, karibu na kwao, na mupira wa matambara.

Kisha ile kazi ya migodi ikaanguka. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tonne 400,000 za shaba kwa mwaka. Mbele ya miaka ya 1990 kwisha, ilishuka chini ya tonne 50,000. Mwaka 2003 mupango wa kutoka kazi kwa mapenzi, wenye ulisaidiwa na feza ya Banki ya Dunia, uliondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000. Nyuma ya Code Minier ya mwaka 2002 makampuni mapya yaliingia, na watu walikuja kutoka kila upande kutafuta maisha. Mahali pale palikuwa pa kampuni, kampuni haikuwa tena na nguvu ya kupalinda. Pakaonekana kama hapana mwenyewe.

Tuliona tena jambo lingine katika Kolwezi. Mwaka 2014, katika kartie Kasulo, watu waligundua kama kuko madini ya kobalti chini ya malupango yao. Walichimba ndani ya viwanja, hata ndani ya nyumba. Mwaka 2017 sehemu moja ya kartie ilihamishwa na kuzungushiwa ukuta. Wakati udongo unapata bei namna hii, kila mahali penye hapana nyumba panaonekana kama feza yenye imelala bure.

HESABU NDOGO KWA VIJANA

Vijana wengine wanasema: «Pasta, sisi pia tunataka kuoa. Tutajenga wapi? Afazali bakate ile kiwanja, batupatie malupango.» Ni neno la kweli. Kijana mwenye anaishi na bibi na watoto wawili katika chumba kimoja kwa baba yake, hatuwezi kumucheka. Lakini tufanye hesabu pamoja naye.

Kiwanja kikubwa cha mupira kiko na metre 105 kwa 68. Ni metre karé 7140. Tuseme kila lupango litakuwa metre 15 kwa 20, ni metre karé 300. Hata bila kuacha njia hata moja, hayafiki malupango 24. Ukitoa njia za kupita unabaki na karibu 20 ao chini yake. Basi jamaa 20 zitapata, na kartie nzima itapoteza. Na hizi 20, mara nyingi hazitakuwa za vijana wa kartie. Zitakuwa za wale wenye walikuwa na feza tayari siku ile bei ilisemwa kwa sauti ya chini.

Tuangalie tena maji. Mvua ya milimita moja ni litre moja kwa kila metre karé. Mvua nguvu ya milimita 50 yenye inaangukia kile kiwanja inaleta litre 357,000. Ni bidon 17,850 za litre 20. Udongo wenye uko wazi unakunywa sehemu ya yale maji. Lakini mabati na simiti hayakunywi kitu: maji yote yanaenda kwa jirani wa chini. Nyumba yenye haikujaa maji tangu wakati wa mababu, mwaka ule inajaa. Mama anaamka usiku na kuinua magodoro, na hajui kama maji yale yalianza siku ile borne zilipandwa.

Kiwanja ni pia njia ya gari la wagonjwa, ni mahali pa kilio wakati lupango la mwenye kufiwa ni dogo, ni mahali pa mikutano ya Injili, ni mahali pa wamama kuanika mihogo. Hakuna hata moja ya kazi hizi yenye imeandikwa kwa borne. Ndiyo maana inaomba mutu wa kuzisema.

SHERIA INASEMA NINI?

Watu wengi wanafikiri kama udongo ni jambo la wakubwa tu. Lakini sheria inatupa nafasi ya kusema, tena nafasi zaidi ya moja.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, yenye ilibadilishwa kwa sehemu fulani mwaka 1980, iliweka musingi huu: udongo ni mali ya Leta, na mutu anapewa haki ya kuutumia. Iligawanya udongo wa Leta kwa sehemu mbili. Sehemu moja inaweza kupewa mutu. Sehemu ya pili, yenye inaitwa «domaine public», ni ile yenye inatumika kwa kazi ya watu wote. Hii haiwezi kupewa mutu mpaka kwanza itolewe katika ile kazi kwa njia ya sheria. Basi swali la kwanza la kuuliza mbele ya kiwanja chenye kinakatwa ni hili: «Ni karatasi gani ilikitoa katika mali ya wote? Tuionyeshwe.»

Ile sheria ya 1973 ilisema pia juu ya karatasi yenye kuandikwa «certificat d'enregistrement». Kisha miaka 2 tangu karatasi hii kutolewa, haivunjwi tena, na mwenye anasema kama aliibiwa anabaki kuomba malipo tu. Wandugu, miaka 2 inapita mbio. Kuko kartie zenye zilingoja «wakubwa watabadilishwa», na wakubwa wakabadilishwa kweli, lakini karatasi ilikuwa imekomaa.

Na kule muji unaingia katika mashamba ya vijiji, sheria iliomba uchunguzi mbele ya udongo kutolewa. Mutumishi wa Leta anapaswa kwenda mahali penyewe, kuhesabu watu wenye anakuta pale, na kupokea malalamiko yao. Tena iliandikwa wazi kama wenye wanasema kwa kinywa wanasikilizwa. Basi nyanya mwenye hakusoma hata siku moja ana haki ya kusema, na neno lake linaandikwa.

Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inaomba «enquête publique» mbele ya kila mupango wenye unaweza kuharibu mazingira. Inaeleza pia kazi ya uchunguzi ule: kujulisha wakaaji, kutafuta kujua ni haki gani watu wengine wako nazo pale, na kukusanya mawazo yao pamoja na mapendekezo yao mengine. Tazameni neno hili la mwisho. Sheria haingoje kwetu malalamiko tu. Inangoja tulete njia ingine.

Na juu ya yote kuko Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 27 kinapatia kila Mukongomani, peke yake ao pamoja na wengine, haki ya kuandikia wakubwa barua ya ombi, na mukubwa anapaswa kujibu katika miezi 3. Kifungu cha 53 kinasema kama kila mutu ana haki ya kuishi mahali penye afya. Tena Kiswahili ni moja wa lugha 4 za taifa. Mutu asinyamaze juu hajue Kifaransa.

MUNGU ALIPIMA NAFASI WAZI

Wengine watauliza: pasta na mambo ya kadastre wanakutana wapi? Wanakutana ndani ya Biblia.

Wakati Israeli ilikuwa karibu kuingia katika inchi, Mungu aliamuru Walawi wapewe miji 48. Hakusema juu ya nyumba tu. Someni Hesabu 35, mustari wa 2 mpaka 5: kila muji unapaswa kuwa na udongo wazi kuuzunguka, na mustari wa 5 unataja mikono 2000 kila upande, ndiyo karibu metre 900. Na katika Walawi 25:33-34 inaandikwa kama nyumba ya Mulawi inaweza kuuzishwa, lakini ule udongo wazi wa muji hauuzishwe, juu ni wao siku zote. Nabii Zekaria naye (8:4-5), wakati anaonyesha namna Yerusalema itakuwa kisha kuponywa, haanze na majumba makubwa. Anaonyesha wazee wenye wamekaa, na vijana wa kiume na wa kike wenye wanacheza katika njia za muji.

Tukumbuke pia Naboti (1 Wafalme 21). Tunazoea kuhubiri juu ya Ahabu na Yezebeli. Lakini tusome mustari wa 11: wazee wa muji walipokea barua, na wakafanya sawa vile barua ilisema. Hakuna hata mumoja mwenye alisimama kuuliza swali. Shamba la Naboti lilipotea kwa tamaa ya mufalme, na kwa kimya cha wazee wenye waliishi naye katika muji moja.

MABINTI WATANO WENYE WALISEMA

Katika Hesabu 27 kuko habari yenye vijana wetu wa kike wangepaswa kujua kwa kichwa. Mabinti watano wa Selofehadi, ndiyo Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, waliona kama sheria ya kugawanya udongo itafuta jina la baba yao, juu hakuacha mutoto mwanaume. Hawakunungunika kando ya kisima. Walienda kwa mulango wa hema, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakubwa na mbele ya kusanyiko lote, na wakasema neno lao.

Na Musa alifanya nini? Hakuwafukuza. Alipeleka neno lao mbele ya Mungu, na Mungu akajibu kama wanasema haki. Sheria ikatengenezwa, kwa wao na kwa wote wenye watakuja nyuma.

Habari haikomi pale. Katika sura ya 36 wakubwa wa jamaa wanakuja nao na woga wao: kama hawa mabinti wataolewa na watu wa kabila lingine, udongo utatoka. Na hawa pia wanasikilizwa, na sheria inatengenezwa tena. Pande mbili zilisema, kwa wazi, na mukubwa alisikiliza zote mbili. Kijana mwenye anatafuta lupango na mama mwenye anataka kiwanja kibaki, wote wawili wasimame kwa mulango wa hema.

NAMNA YA KUSEMA

1. Tujue kitu chetu mbele kitishwe. Vijana wa kanisa wapime kiwanja kwa kamba. Waandike: ni shule gani inakitumia, siku gani, watoto wangapi, maji ya mvua yanapita upande gani. Wazee waandike yale wanakumbuka: kiliwekwa wakati gani, na kwa kazi gani.

2. Tuulize plan. Kwa ofisi ya urbanisme na ya kadastre kuko plan ya kartie. Watu watatu ao wanne waende pamoja, na heshima, waombe kuiona. Mutu moja tu anaweza kutishwa ao kununuliwa.

3. Tusome matangazo. Kila kanisa lichague mutu mumoja wa kupita kwa ofisi ya kartie na ya komini kila juma, na kusoma yale yamebandikwa. Siku ya Mungu, wakati wa matangazo, atuambie. Tunatangaza ndoa, tutangaze hili pia.

4. Twende kwa mukutano. Wababa, wamama na vijana. Wamama wasibaki nyuma juu ya sahani: wao ndio wanajua maji yanaingia wapi.

5. Tuandike. Barua isiwe ya matusi. Inaweza kuwa fupi sawa hii:

«Kwa Mukubwa wa Komini. Sisi wakaaji wa kartie yetu, wenye majina yao iko chini, tunaleta ombi kufuatana na kifungu cha 27 cha Katiba. Kiwanja chenye kiko kati ya shule na barabara kubwa kinatumiwa na wanafunzi, vijana na wakaaji wote, na kinapokea maji ya mvua ya njia tatu. Tumesikia kama kitakatwa malupango. Tunaomba: kuonyeshwa plan yenye ilikubaliwa, kuonyeshwa karatasi yenye ilikitoa katika mali ya wote, kama iko, na kusikilizwa mbele kazi haijaanza. Tunapendekeza kama malupango yatafutwe mahali pengine, na tuko tayari kusaidia kupatafuta.»

Mufanye kopi mbili. Ofisi ipige muhuri na tarehe kwa kopi yenu. Kuanzia tarehe ile muhesabu miezi 3.

6. Tusing'oe borne usiku. Kung'oa kunageuza mwenye haki kuwa mwenye kosa, na mwenye kununua atapata kwa urahisi polisi wa kumusindikiza. Biblia yenyewe inakataza kusogeza alama za mupaka (Kumbukumbu la Torati 19:14).

7. Tulete njia ingine. Code Minier, kama ilivyotengenezwa tarehe 9 Machi 2018, inaomba kila kampuni yenye kuchimba iweke pembeni 0,3 % ao zaidi ya mauzo yake juu ya maendeleo ya watu wa pale. Wakati wajumbe wetu wanazungumza na kampuni, waweze kuomba kiwanja kizungushiwe miti na mutaro wa maji. Mahali penye panatunzwa na kuonekana kama pana kazi, si rahisi mutu aseme kama ni tupu.

NA SISI MAKANISA?

Neno hili ni gumu lakini lazima lisemwe. Kuko viwanja vyenye havikukatwa na kampuni wala na mutu tajiri. Vilikatwa juu ya kujenga kanisa. Parokia inatafuta mahali, mukubwa wa kartie anatoa kona moja ya kiwanja cha shule, na sisi tunaimba nyimbo za shukrani. Kisha kanisa lingine linaona kama kona moja imeenda, linaomba ya pili. Kwa mwisho watoto wanabaki na njia ya kwenda kwa choo.

Kanisa lenye limesimama juu ya kiwanja cha watoto litahubiri Naboti namna gani? Watoto wale watakuwa wakubwa, na watakumbuka ni nani aliwafukuza. Halmashauri ya wazee wa kanisa, mbele ya kupokea udongo wowote, iulize maswali yaleyale matatu ya barua yetu. Kama karatasi haiko, tukatae, hata kama tunasali chini ya hema ya plastiki. Na pale kanisa liko na lupango kubwa, tufungue mulango, watoto wa jirani wacheze, hata wale wenye hawasali kwetu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Katika kartie yetu kulikuwa nafasi ngapi za wote wakati wababa wetu walikuwa watoto? Leo zimebaki ngapi?

2. Someni Hesabu 27:1-7 na 36:1-9. Kila upande uliogopa kupoteza nini? Musa alifanya nini na kila neno?

3. Nani katika kartie yetu anasumbuka zaidi juu ya lupango? Tunaweza kumusaidia namna gani bila kukata kiwanja?

4. Nani atapita kwa ofisi ya komini juma hili kusoma matangazo?

Bwana awabariki, na awape hekima mbele ya wakubwa.